Wajina

Kaka yangu alizaliwa siku mabomba yalipofika kwetu, juu ya Tandala.
Maji yalishuka kutoka chemchemi yakasimama uani
kama mgeni asiyejua kupiga hodi.
Mama akafungua koki, akacheka,
uchungu ukamshika mkono ungali umelowa.

Mtoto akapewa jina la fundi wa mabomba,
Mnorwe mrefu aliyeinama kila mlango,
aliyemenya viazi kwa kucha kama sisi
na kusema baridi ya Makete inamtia hamu ya kwao.
Haraldi.

Baba mdogo Asheri alisusa pombe ya uzazi.
"Kwetu jina hulala kaburini likingoja mjukuu.
Hili limelala kaburi lipi?"
(Jina lake yeye lilitoka kwenye Biblia ya Wajerumani, Bulongwa.
Hakuna aliyemuuliza.)

Miaka ikapita, ikaja barua.
Fundi amezeeka, Kiswahili chake kinachechemea:
*Haraldi, somo yangu, wewe usihofu. Sisi wengi.*

Yuko aliyeapa hatakata nywele
mpaka Norwe yote iwe yake.
Yuko aliyeitwa kwa ngozi ya kijivu aliyojifunika;
hapo kaka akavuta sweta lake la mtumba,
la kijivu vilevile, viwiko vimetoboka,
tukacheka hadi Mama akatufokea.
Yuko mwenye jino bovu lililogeuka rangi,
mfalme wa Wadenmarki,
ambaye leo jina lake la utani limo ndani ya simu.
Kaka ni fundi simu, Makambako, kibanda cha pili kutoka stendi.
Mteja akisema, "Washa blutuu,"
yeye hujibu, "Abee."

Yuko aliyekwenda kuiteka Uingereza.
Wakamwahidi futi saba za udongo,
na nyongeza kidogo, maana alikuwa mrefu.

Na yuko wa mwisho, huyu sikumpenda nilipokuwa mdogo:
alitoka ng'ambo akasema, mimi ni mwana wa mfalme.
Wakamwambia, onyesha.
Wakapanga majembe tisa ya plau, mekundu kwa moto,
akapita juu yake peku.

Baba alikufa mwezi wa Mei.
Kufikia Julai misindano yake ilikuwa imeshapigwa rangi,
kila shina herufi A.
"Shamba ni la ukoo," alisema Baba mdogo mbele ya baraza,
"na jina hili halimo ukooni."
Mwenyekiti alikuwa anapuliza vidole.
Sakitu ilikuwa imelala juu ya viazi, juu ya mawe,
nyasi zikivunjika kama vigae ukizigusa.

Kaka hakujibu.
Alikaa chini, akafungua kamba za viatu,
akavua soksi, akazikunja vizuri
kana kwamba anaingia nyumba ya mtu.
Kisha akaanza kutembea.

Kaburi la kwanza: "Kyando. Huyu alihama na mbegu za ulezi kwenye nywele."
La pili: "Ilomo. Alikuwa kiziwi."
La tatu lilikuwa la mtoto, halina jina, akalitaja hivyohivyo.
La nne. La tano akakohoa.
Sisi nyuma yake na makoti yetu, hakuna aliyethubutu kusogea.
Nyayo zake zilibaki nyeusi juu ya ule weupe,
moja moja, zikitoa mvuke,
mpaka la tisa, la Baba, udongo bado umevimba.

Hakusimama.
Akaongeza hatua moja, pasipo na kaburi,
akapima kwa miguu yake mwenyewe, kisigino kwa kidole.
"Hapa," alisema. Midomo ilikuwa ya buluu.
"Futi saba.
Mniongezee kidogo, mimi ni mrefu."

Mwenyekiti aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena.
Mimi nilikwenda na soksi.

Baba mdogo Asheri aligeuka, hakusema neno,
akatembea hadi bombani
akalipigapiga kwa ngumi kuivunja barafu mdomoni mwake,
akainama, akanywa.