Pani

Nilifika Sohar na Kiarabu cha chuoni Pangani,
kile cha kukaririshwa, chenye irabu zake zote.
Siku ya kwanza dukani niliomba vitunguu
kwa sauti ya hotuba ya Ijumaa.
Muuzaji alinitazama, akaitikia: "Amina."

Ghalani hakuna aliyekihitaji.
Msimamizi, Gulzaman, alifoka kwa Kiurdu,
wabebaji walijibizana kwa Kimalayalam,
mimi nilibeba kwa Kiswahili, yaani kimya.

Shaji wa Kannur alilala kitanda cha juu, mimi cha chini.
Usiku, feni ikilalama, alinidondoshea neno mojamoja
kama anayemenya karanga:
ulli, kitunguu. Nale, kesho. Illa, hakuna.
Nami nilimlipa kwa sarafu ya kwetu.
"Pole" aliipenda kuliko zote:
kumbe mtu aweza kuombwa radhi
na asiyemkosea!

Akanifunza pani mbili.
Moja ni kazi: ulimi unapinda, unagusa kaakaa,
unachelewa kurudi.
Ya pili ni homa: ulimi nyuma ya meno, basi.
"Ukikosea," alicheka, "utaomba homa, nao watakupa."

Agosti, nyuzi arobaini na saba,
kijana Rijo akaanguka kati ya marobota.
"Pani," akasema. "Pani."
Gulzaman, ambaye kwao pani ni maji,
akamletea chupa, akaona amemaliza.
Kijana akarudia neno lake.
Akaletewa chupa ya pili.

Nikatua mzigo.
Nikasema: sikilizeni ulimi wake, uko kwenye meno.
Zahanatini daktari Msudani aliuliza kwa Kiarabu,
na kile changu, na irabu zake zote,
siku hiyo kikapata ajira.

Wiki haikuisha, nikapewa kiti cha magurudumu,
kiyoyozi, kitambulisho kilichoandikwa "mkalimani",
mshahara mara mbili na riali kumi juu.
Pangani wakapaua vyumba viwili.
Nikanunua daftari, nikaanza Kibangla.

Sikuuliza kiti kile kinatazama wapi.
Kinatazama mlango
wanaoingilia watu kupokea barua.

Februari yakaja majina kumi na tisa.
La saba, Shaji.
Ofisa akasoma kwa Kiarabu, akaninyooshea kalamu:
haya, sema.

Maneno yote nilikuwa nayo. Ndiyo taabu.
Shaji kasimama, kofia mkononi, ananitazama mdomo
kama mwalimu siku ya mtihani.
Nikapinda ulimi, nikatafuta kaakaa:
pani illa, kazi hakuna.
Ukateleza. Ukaangukia meno.

"Homa hakuna?" akauliza, akitabasamu.
"Afadhali. Nitasafiri mzima."

Akaikunja barua mara nne, akaitia chini ya kofia.
Mlangoni akageuka,
akaniambia, kwa Kiswahili:
pole.