Kigae Kimoja

Nimebeba kipande cha graniti ndani ya kiondo,
kizito kama deni,
nikakipandisha ngazi za maduka matatu Industrial Area.
Muuzaji akasema: nyeupe, mama, nyeupe haikosani na mtu.
Hajauona mchuzi wangu wa bizari unavyorukaruka.

Nyumbani Umoja stima zimepotea.
Nikaviegemeza vigae ukutani nyuma ya jiko,
nikawasha mshumaa.
Cha kijani kikawa cheusi.
Cheupe kikanitazama kama daktari.
Kile cha rangi ya udongo, nilichopewa bure na fundi Makokha
("kilibaki kwa mteja aliyehama"),
kikashika mwanga, kikatulia kando ya graniti
kama watu wasiosalimiana
ila benchi lao ni moja.

Nahitaji sitini.
Kipo hiki tu, na kina ufa.