Unauliza Uje Lini

Unauliza uje lini. Wote huanzia hapo,
simu ikinikuta na unga wa tambi hadi viwikoni.
Jibu la kipeperushi nimelikariri:
mwisho wa Aprili micheri ikichanua,
katikati ya Oktoba mlima ukiwiva.
Lipa nusu kabla. Beba soksi za sufu.

Lakini wewe huna haraka, nasikia unavyopumua,
na leo vyumba vyangu vyote sita ni vitupu.
Basi ngoja niketi.

Theluji ya Minesawa haianguki, inahamia.
Huja na virago vyake, ikapanga barazani,
ikameza ngazi, ikameza sanduku la barua,
ikafika dirishani, na saa nne asubuhi
tukawa tunawasha taa kutafuta chumvi.
Mzee Tokuji wa jirani, miaka sabini na tisa,
hupanda paa lake kabla ya chai,
beleshi begani, kamba kiunoni.
Namsikia kupitia ukuta wa mbao: kwaru, kwaru.
Akinyamaza, natoka mbio na soksi.
Mume wangu hakuwa mtu wa kamba.

Hilo halimo kwenye kipeperushi.

Micheri? Mizuri, sikatai.
Siku nne. Mwaka juzi siku moja na nusu:
upepo ulivuka usiku kutoka bonde la pili
na kulipokucha bwawa zima lilikuwa la waridi,
matawi mikono mitupu.
Bwana mmoja wa Osaka alidai nimrudishie fedha,
kana kwamba upepo nimeuajiri mimi.

Mwezi wa sita hata viatu huota ukungu.
Mikeka hunuka farasi, karatasi za milango hulegea,
na vyura wa majaruba hubishana mpaka alfajiri
kesi isiyo na hakimu.
Mimi nawapenda. Wageni huomba chumba cha upande wa pili.

Oktoba, ah, Oktoba magari hupanga foleni hadi darajani,
na dubu naye hushuka kufuata makaki mabivu ya Bi Orie.
Yeye halipi nusu kabla.

Agosti wafu wetu hurudi.
Tunachukua tango, tunalitia miguu ya vijiti:
ndiye farasi, awafikishe mbio.
Biringani ni ng'ombe
wa kuwarudisha walikotoka, hatua kwa hatua.
Wao hawaulizi waje lini.
Mwaka jana nilichagua biringani nene kupita yote sokoni,
lenye uvivu wa wazi,
na bado, siku ya nne ilipokucha,
alikuwa ameshaondoka.

Uko hapo?

Ningekuwa wewe ningekuja Machi, wiki ya tatu.
Hakuna cha kupiga picha. Barabara ni tope,
theluji imechakaa, ina rangi ya shuka la hospitali.
Lakini laza sikio chini, nyuma ya bafu la maji moto,
usikie maji yakitembea chini ya barafu
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
Na pale barafu inapopasuka hutoka machipukizi,
ya kijani, machungu kweli kweli.
Nayachovya kwenye unga, nayakaanga,
tunayala yakiunguza ulimi.
Uchungu ule ndio unaoamsha mwili, alikuwa akisema mama mkwe,
mwanamke asiyesifu kitu.
Usiku mapaa hujitua mzigo yenyewe,
puu! la kwetu, puu! la jirani,
na Tokuji hulala hadi saa mbili.

Basi la Hisae hupanda mara moja kwa siku, saa nane mchana.
Mwambie akushushe penye pampu, si kituoni.
Haya, nitajie jina lako, taratibu.
Wino wa kalamu hii umeganda,
ngoja niipashe moto kwapani.