Kizibo

Methanoli hutoka dakika mbili na sekunde ishirini.
Jana, ishirini na nane. Leo, thelathini na tatu.
Sampuli ni ileile, ya chupa ya chang'aa
iliyookotwa Mukuru kando ya godoro.

Nikalaumu stima, jenereta iliyokoroma usiku kucha.
Nikalaumu tanuri. Nikalaumu hata mtungi wa heliamu.
Mutheu akangoja joto lishuke, akafungua nati,
akakiinua kizibo cha mpira dirishani:
kupitia tundu la sindano
nikaona mabati ya Lunga Lunga.

Tumekidunga mara ngapi? Hakuna aliyehesabu.
Gesi ilikuwa ikitoroka hapo, kimyakimya.

Kipya. Ishirini. Ishirini.
Ya tatu, ishirini.

Basi naandika jina la marehemu juu ya ripoti,
herufi moja moja.