Kuanzia Sifuri

Joensuu, Januari. Kipimajoto cha dirishani
kinasoma ishirini na sita chini ya sifuri.
Hilppa Karvinen kavua buti, yuko na soksi za sufu,
anavunja vitu.

Ndiyo kazi inayomlipa: kuvunja kabla mwingine hajavunjikiwa.
Anailisha programu faili tupu, isiyo na hata herufi,
aone kama itasema "hamna kitu" kwa adabu
au itaanguka kifudifudi.
Anailisha faili iliyokatika njiani,
barua iliyochanika palipo na sahihi.
Anailisha faili isiyo na faharasa.
Anailisha moja ambamo kromosomu ya kwanza imeitwa "1"
na nyingine ambamo imeitwa "kr1",
kwani wataalamu hawajakaa kikao wakakubaliana
mtoto aitwe nani.

Programu inalalamika, inaandika kwa wino mwekundu.
Vizuri. Kosa linalobisha hodi
unaliwekea kiti.

Saa tisa alasiri, giza limeshaingia,
imebaki faili moja: ya sili wa ziwa Saimaa,
jike, sharubu nyingi, pete za kijivu mgongoni.
Waliompima damu walimwita Utu.
Kwa Kifini, utu ni ukungu.
Kwetu sisi, basi, mnajua.

Utu ana gigabaiti sitini na nne.
Mstari wa kupakia unatambaa: tisini, tisini na sita,
tisini na saba, unakaa hapo kama mdai mlangoni.
Hilppa anamenya chungwa zima. Tisini na saba.
Halafu, bila taarifa, Utu anafunguka skrini nzima:
vijistari vya kijivu vimelaliana kama vigae,
A ya kijani, C ya buluu, G ya kahawia, T nyekundu,
na hakuna onyo.
Kila kitu kimya, kila kitu kizuri.

Anasogeza karibu. Zaidi. Hadi herufi moja moja
zinakaa kama meno.
Alama ya badiliko ilipaswa kusimama juu ya T.
Imesimama juu ya G, jirani yake.

Faili moja huanza kuhesabu kwa sifuri.
Nyingine huanza kwa moja.
Hakuna iliyosema uongo.

Tusicheke, sisi tuliompa mgeni miadi ya saa tatu:
tukamngoja asubuhi, yeye akaja alasiri,
na wote tulikuwa tumewahi.

"Herufi moja," anasema Veikka, aliyeiandika programu,
hajatoa macho kwenye kikombe.
"Moja, kati ya bilioni mbili na nusu."

Hilppa hajibu upesi. Kila mwisho wa juma
yeye na wenzake hushika sepetu, hukokota theluji,
hujenga matuta juu ya barafu ya ziwa
ili sili wachimbe chini yake, wazalie humo.
"Jumamosi uje," anasema. "Nikuonyeshe tuta
tulilolijenga hatua chache kando na palipotakiwa.
Zuri sana. Jeupe. Halina mtu ndani."

Veikka anaweka kikombe.

Marekebisho ni alama mbili: kutoa, moja.
Badiliko linahama, linaikalia T yake.
Taa ya jaribio inageuka kijani na hakuna anayepiga makofi;
kesho kuna faili ya samaki, keshokutwa ya shayiri,
na kila moja na sifuri yake.

Hilppa anavaa buti. Kabla ya kuzima
anailisha programu tena ile faili tupu.

Hamna kitu, inasema,
kwa adabu.