Nyuma ya Kamba

Siku tisa Ulaya, picha mia tatu na kumi na mbili.
Kidawa anazihesabu, kakalia ndoo
humu studioni, barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
nyuma yake pazia la buluu la picha za paspoti.

"Hii nini?"
Mnara wa Praha.
"Na hii?"
Mnara uleule, mvua imepungua.
"Hii je?"
Kidole changu.

Sisi tusemao Tanga, waja leo waondoka leo,
kule mja nilikuwa mimi,
shingo imekakamaa kwa kutazama juu,
nikingoja maharusi wapite,
na watoto wa shule wenye kofia za njano wapite,
nipate jiwe tupu, jiwe lisilo na mtu.
Miaka ishirini kazi yangu nyuso.
Nani alinifundisha kungoja watu waondoke?

Mpaka Antwapi, mlango wa kanisa kuu.
Pamezungushwa kamba, mgeni asisogee.
Nikainama kutafuta pembe,
pua ikalitangulia jicho:

mkonge.

Ule wa korona ya Kigombe,
singa zimeanikwa hadi macho yanauma,
na baba anarudi saa nane, majimaji yamemkaukia mikononi,
mama anamzuia mlangoni:
oga kwanza, utamwasha mtoto.

Sikujua kama ni wa kwetu. Mkonge hauandikwi jina,
huenda ulitoka Brazili.
Nilimuuliza mlinzi kwa ishara
akanionyesha choo.

Basi nikapiga magoti, nikaipiga kamba.
Fundo, na singa tatu zilizochomoza
zimeshika mwanga kama ndevu za mtu mzima.
Kanisa, miaka yake yote, likabaki ukungu.

"Dada, hapa fokasi imekukimbia.
Kanisa liko wapi?"
Nyuma ya kamba.
"Naifuta?"

Mlangoni kasimama Bwana Semboja,
anataka nne, za haraka, ofisi inafunga saa tisa.
Kola imepinda. Naiweka sawa,
namwinua kidevu kwa vidole viwili.
Pazia limelegea upande wa kushoto,
napanda kiti kulivuta,
na kamba yake, niliyoinunua Mgandini mwaka juzi,
leo ndiyo kwanza nainusa.

"Dada, naifuta?"

Tulia, namwambia Bwana Semboja.
Tazama hapa. Usifumbe macho.