Nati ya Tatu

Gereji yangu hapa Machomanne haina mlango wala shimo.
Ina turubai, na taa ya kuning'iniza.
Chini ya pikapu ya Shaame Khatib nimelala chali
juu ya gunia la karafuu, linanukia mpaka leo,
na kutu inanidondokea machoni
kama unga anaouchekecha mtu mwenye hasira.

Nati tatu tu.
Pale bomba la ekzosi linaposhikana na injini,
nati tatu, namba kumi na nne,
ila kumi na nne yenyewe ishaliwa,
soketi inazunguka bure kama ulimi wa mdaiwa.

Gari hii imekula chumvi.
Inalala Mtambwe, ubavuni mwa mikandaa,
bamvua likijaa maji huosha matairi,
na Shaame mwenyewe haoshi kitu.
"Naitaka Alkhamisi, nipeleke karafuu mizani."
Leo Jumanne. Nikamwambia inshallah,
neno ambalo fundi hulisema akitazama pembeni.

Nilianza kwa adabu.
Brashi ya waya. Dizeli na mafuta ya breki, nusu kwa nusu.
Nikagonga ko, ko, ko,
kama mgeni anayejua kuwa wenye nyumba wamo.
Tumu, mwanafunzi wangu, akaleta kichupa cha mafuta ya makonyo:
"Bibi hupaka magoti, yakalegea."
Tukapaka. Nati ikanukia vizuri.
Haikulegea.

Ya kwanza ilitoka adhuhuri,
kwa moto wa gesi na nta ya nyuki.
Unaichoma mpaka iwe nyekundu kama jicho la aliyekesha,
unaigusisha nta, inakunywa, inafuka moshi,
kisha, na hapa ndipo wengi hukosea,
usiifungue. Ikaze kwanza. Unywele mmoja.
Iache idhani mmekubaliana.
Halafu irudishe.

Ya pili ilikatika.
Sina la kusema juu ya ya pili.
Nilitoka uvunguni, nikanywa maji, nikarudi.

Ya tatu, nilipoisugua, ikanitazama.
Mkwaruzo wa tindo ubavuni, mmoja, umelala kushoto:
alama yangu.
Nilikuwa nazitia zote zama zile,
kijana wa miaka ishirini na mitatu, shingo kama ya ng'ombe,
ili atakayefungua amjue aliyefunga.
Gari ilikuwa ya marehemu baba yake Shaame.
Usiku wa kuamkia Idi, mvua inapiga bati,
nilipanda juu ya spana kwa miguu miwili,
nikaruka,
nikasema, "Hii hafungui mtu."

Kumbe mtu mwenyewe ni mie,
na bega hili linalolia nikisujudu,
na miwani iliyofungwa uzi.
Nguvu zangu nilidhani zimekwenda na miaka;
zimo humu, ndani ya nati ya nusu wakia,
zimekaa gizani, zinanikazia.

Sikutukana. Ningemtukana nani?
Nikachoma, nikalisha nta, nikakaza unywele, nikarudisha.
Nikachoma tena.
Alasiri ikapita, Tumu akawasha taa.
Tukachomeka bomba kwenye mkono wa spana,
viganja vyake juu ya vyangu.
"Usivute. Egemea tu, kama unayesikiliza."

Ikalia.
Si kwa sauti kubwa: mlio wa bawaba
za chumba kisichofunguliwa tangu msiba.
Robo. Nusu. Kisha ikaniangukia kifuani ingali ya moto,
nikapiga ukelele, na Tumu akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatano nikaitoboa ile iliyokatika,
tukatia stadi mpya, nati za shaba, grisi.
Tumu alikaza. Nikamwambia: hapo, basi,
mwachie kidogo atakayekuja.
"Na alama?" aliniuliza, tindo mkononi.
Akatia yake, vinukta viwili.

Alkhamisi Shaame alikuja na makelele:
siku mbili, nati tatu, ati elfu arubaini?
Nikamwekea ile nati kiganjani,
nikafungua vifungo vya shati, nikamwonyesha lengelenge.
Akaitazama, akalitazama.
Akatoa thalathini na tano.